Kuurudisha Mti Utotoni

Vijana wangu, ninyi mnaoingia sasa katika kazi ya miche, mkipita hapa Mususa, mjini Butembo, mkanikuta nimekaa barazani asubuhi, macho yakifuata ukungu unaopanda kutoka bondeni, msidhani nimesinzia. Niko kazini. Mwili umestaafu, lakini mikono haijapata habari. Bado inashika kisu ambacho hakipo, inachonga ncha ya msonobari ndogo kama punje ya ulezi, inaiweka juu ya mche mchanga, na mimi mwenyewe ninajikuta nimezuia pumzi. Wajukuu hunicheka, mimi bibi yao.

"Koko, unafanyaka nini na bidole?"

Ninawajibu kwamba ninaurudisha mti utotoni. Hapo wanacheka zaidi, kisha wanaenda zao shuleni.

Waswahili wanasema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini kazi yangu ilikuwa kumchukua samaki aliyekwisha kukauka na kumrudishia ubichi wake. Ukikata ncha ya msonobari mchanga ukaichomeka kwenye mchanga wenye unyevu, itatoa mizizi bila kukuomba ruhusa. Ukikata ncha ya msonobari mzee, ule uliozaa matunda yake magumu miaka na miaka, itakaa mchangani kijani kibichi, itakudanganya kwa miezi, kisha itakufa bila hata uzi mmoja wa mzizi. Si kwamba imekosa nguvu. Imesahau. Mti mzee umesahau namna ya kuanza.

Dawa yake ni kuibebesha ile ncha mgongoni mwa mche mchanga, ndani ya chupa, mahali pasipo na vumbi wala kijidudu. Ikishika na kuchipua, unakata ncha mpya na kuibebesha mche mwingine mchanga. Ikichipua tena, unarudia. Kila mara inanyonya utomvu wa utoto, na kila mara inakumbuka kidogo. Nimezeeka nikiifikiria kazi hiyo, na bado inanishangaza kama ndoto ambayo mtu anaiota macho wazi.

Aliyenifundisha ni Mbuyi, mhandisi wa kilimo aliyeletwa na serikali kutoka Kasai. Alifika Butembo akiwa na koti jembamba na dharau kidogo kwa baridi yetu. Wiki ya kwanza alinunua sweta mbili. Maabara yetu ilikuwa nyumba ya matofali yenye vyumba viwili, kati ya fundi wa kuchomea vyuma na kinu cha kusaga mihogo. Kinu hicho nilikichukia kama jino bovu. Unga wake ulipenya dirishani, madirisha tukayaziba kwa plastiki, ukapenya chini ya mlango.

Kabla hajaniruhusu kugusa msonobari, Mbuyi alinipeleka sokoni nikanunue lengalenga. Nikadhani ni mboga ya mchana. Kumbe nilitakiwa kukata mashina yake kwa wembe, kuchonga moja kama kabari, kupasua lingine, na kuyaunganisha mpaka kiungo kisionekane. Nilikata lengalenga mpaka nyumbani kwangu watu wakachoka kula lengalenga. Siku niliyomwonyesha shina lililounganika vizuri, alilivuta, likaachana, akanirudishia, akaniita mama kwa Kifaransa chake.

"Mère, bado. Mukono yako iko na haraka, mais muti hapana."

Nawaambia na ninyi: kisu kiwe kikali kuliko ulimi wa mama mkwe, na ukate mara moja. Ukirudia, umeponda. Sehemu iliyokatwa isiguswe na kidole, isipulizwe, isisubiri. Muda wa kusali Salamu Maria moja ni mrefu mno, imekwisha kukauka. Na funga kiungo kwa uzi wa rangi, ili baadaye ujue wapi mgeni anaishia na wapi mwenyeji anaanzia. Mimi nilitumia uzi mwekundu wa sufu nilioubakiza kwenye kofia za watoto.

Tena, fungeni midomo. Mwanzoni chupa zangu zote zilikuwa zinaota ukungu, mweupe, wa kijani, mpaka mmoja wa rangi ya waridi. Za Mbuyi zilikuwa safi. Tulibadilisha sabuni, tukachemsha vyombo upya kwenye sufuria ya presha, wapi. Siku moja alisimama mlangoni kimya akinitazama nikifanya kazi, kisha akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Mimi ni mwanakwaya wa parokia. Mikono ikifanya kazi, mdomo unaimba, wala sijisikii.

"Mère Kavugho, uko naimbia champignons! Njo maana zinakomea bien!"

Tangu siku hiyo niliacha kuuimbia ukungu, nikavaa kitambaa mdomoni, na nyimbo nikaziimba kichwani. Mpaka leo kuna nyimbo za Pasaka ambazo nikizisikia zinaninukia Javel, ile dawa yetu ya kuulia vijidudu.

Basi, asubuhi moja ya mvua, mabati yakipiga kelele, aliingia Mama Masika. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye sauti ndogo, na nyumba yake ilikuwa kwenye kilima upande wa barabara ya Kirumba. Mkononi alishika tawi la msonobari lililofungwa kwa jani la mgomba, kama mtu anavyobeba samaki kumpelekea mgonjwa.

"Batu banasema hapa munafanyaka muti ya zamani inarudia mutoto," alisema. "Ni kweli ao ni bongo?"

Mbuyi alimwambia si uongo, ni kweli, lakini si kila mara. Nikafungua lile jani. Nilipoponda majani yale ya sindano kwa vidole, ilinijia harufu ya ganda la chungwa bichi. Nimeshika misonobari mingi, sijawahi kukutana na mwingine wenye harufu ile.

Mlielewe jambo lake, maana hapo ndipo mambo yote yalipokaa. Kwetu, mtu anayelima kilima cha ukoo mwingine hupeleka mbuzi wa ada kwa mwenye kilima, hupanda maharagwe, hupanda viazi, hakuna wa kumsumbua. Lakini hapandi mti. Mti unakaa kuliko mtu, na anayepanda mti amekwisha kusema kwamba hatoki. Mume wa Mama Masika alikuwa mlimaji wa namna hiyo. Alikuwa fundi seremala pia, akamjengea mwenye kilima wa zamani nyumba, na mzee yule kwa kufurahi akamruhusu apande mti mmoja. Neno lilitolewa mbele ya watu: mti huu ukisimama, na nyumba yako imesimama.

Sasa mume alikuwa amekufa, amezikwa pale pale, pembeni ya maharagwe. Mzee yule naye amekufa, kilima kimepita kwa mwanawe, Tata Kasereka. Na mti ulikuwa unakauka kuanzia kileleni. Watoto wa Tata Kasereka walikuwa wanapita kuutazama, kama watu wanaopita kumjulia hali mgonjwa mwenye urithi.

"Ile siku itaanguka, mimi njo naanguka nayo," alisema Mama Masika. "Nikipanda ingine, nimevunja desturi. Nisipopanda, sina muti. Ninataka ile ile. Bwana yangu iko pale. Nitamwachia nani?"

Mbuyi alivua miwani akaifuta, na mimi nilijua tumekwisha kukubali.

Tulipanda kilimani, tukachukua vichipukizi vya juu kabisa ambavyo bado vilikuwa na uhai. Tulivisafisha, tukavipandikiza. Vingi vilikufa, vingine vikaota ukungu bila mtu kuimba. Vilivyobaki vilishika. Mama Masika alikuwa anakuja na viazi kwenye kikapu, anakaa kwenye benchi, anatazama chupa kupitia kioo. Mche wa kwanza ulipopata nguvu ya kutoka chupani na kukaa kwenye mfuko wa udongo, alijifunika kitenge kizuri akaupeleka kwa Tata Kasereka. Mimi nilimsindikiza, nimejaa majivuno.

Tata Kasereka alikuwa mzee mrefu, hapendi kelele. Aliupokea mche kwa mikono miwili, akauzungusha, akaona uzi wangu mwekundu.

"Hii ni nini?"

Nikamweleza kwa furaha yote: hapo juu ni mti wa Mama Masika, hapo chini ni mche tuliouotesha kwa mbegu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kichwa ninajua," akasema. "Na miguu iko ya nani? Muti inakamataka udongo na mizizi, hapana na majani. Hii mizizi sikuiruhusu mimi, na baba yangu hakuiruhusu."

Akaurudisha mche mikononi mwa Mama Masika, polepole, kwa heshima. Njiani nilimtukana mzee yule mbele ya mawe na majani. Nilimchukia kweli. Lakini nilipomsimulia Mbuyi, yeye alikaa kitako akampa mzee haki.

"Iko na raison," akasema. "Huyu mzee iko juriste, mutu wa sheria. Donc tunapashwa kuipatia miguu yake yenyewe."

Kuipatia miguu yake maana yake ni kuikumbusha ncha ya mti mzee kutoa mizizi, yaani kuirudisha utotoni kabisa, si nusu. Tukaanza kurudia. Mche baada ya mche, mgongo baada ya mgongo. Miaka hiyo ninaikumbuka kama chumba kimoja chenye mwanga wa maziwa, chupa zimepangwa, mvua juu ya mabati, na katika kila chupa kidole kimoja cha kijani kikifikiri. Huko nje vita vilikuwa vinakuja na kwenda. Watu waliingia mjini na magodoro vichwani kutoka upande wa Manguredjipa, kutoka upande wa Beni. Mimi nilikuwa naingia chumba kile, navaa kitambaa mdomoni, na kwa saa chache nilikuwa mahali ambapo muda unarudi nyuma. Nilikuwa naona haya kidogo kwa utulivu ule, lakini niliuhitaji kama chakula.

Barabara ilipofungwa, poda ya kugandisha maji ya chakula tuliyolishia miche ndani ya chupa iliisha. Bila hiyo, miche inazama kwenye maji. Mbuyi alizunguka chumba siku nzima. Mimi nilisikia kinu cha jirani kikinguruma, nikakumbuka uji wa wanga unavyoganda ukipoa. Nilienda kwa mwenye kinu, mtu niliyekuwa simsalimii, nikamwomba wanga mweupe wa mihogo, ule laini kabisa. Tulijaribu vipimo, mwingine ukawa gundi, mwingine ukawa supu, mpaka tukapata unaoshika. Tangu hapo nilikuwa namsalimia kila asubuhi, naye anauliza kama watoto wa chupa wamekula.

Kisha ukaja mwezi uliotutisha. Chipukizi tulilolitegemea lilianza kutoa majani ya ajabu. Msonobari mzima hufunga majani yake kwa mafungu, sindano kadhaa pamoja. Haya yalitoka moja moja, laini, yenye rangi ya bluu kidogo, kama ya mche uliotoka kwenye mbegu jana. Moyo ulinianguka. Nilijua maana yake: ule mche wa chini umechipua wenyewe na kummeza mgeni. Mbuyi alishika mkasi.

"Ngoja," nikamwambia. "Tutafute uzi."

Tuliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, vichwa vyetu vikigusana. Uzi mwekundu ulikuwa chini. Chipukizi lilikuwa juu yake, tena juu sana, likitoka katika ncha yenyewe ya Mama Masika. Hakukuwa na mgeni aliyemezwa. Mti mzee ulikuwa umevaa nguo zake za utotoni. Mbuyi aliweka mkasi mezani kwa uangalifu kama yai, akasema kwa Kifaransa neno moja ambalo sitaliandika hapa. Ndiyo maana nawasihi: dalili ya ushindi katika kazi hii inafanana sana na dalili ya hasara. Msitupe kitu kabla ya kutafuta kiungo.

Chipukizi lile tulilikata, tukaliweka kwenye chakula cha kuotesha mizizi. Asubuhi niliyouona mzizi, mweupe, mnene kama sindano ya kushonea magunia, nilitoka nje nikalia kwa sauti mpaka fundi wa kuchomea vyuma akaja kuuliza nani amekufa.

"Hakuna," nikamwambia. "Kuna mutu amezaliwa."

Mche ule tuliuzoeza hewa taratibu, kivulini, chini ya plastiki inayofunguliwa kila siku kidogo zaidi. Wakati huo Mbuyi alihamishiwa Beni. Aliniachia kisu chake na sweta moja. Na kabla mche haujafika urefu wa mkono, upepo wa mwanzo wa mvua uliulaza mti mkubwa kule kilimani. Watu walisema uliangukia upande ambao hakuna nyumba, kama mtu mzee anayejua kukaa chini bila kumwangusha mtoto.

Mama Masika alinijia akiwa amechakaa uso. Watoto wa Tata Kasereka walikuwa wamekwisha kuleta mtu wa kupima kiwanja. Tulibeba mche tukaenda kwa mzee mwenyewe.

Safari hii mzee aliushika kwanza upande wa mizizi. Aliipapasa kupitia mfuko, akatafuta uzi, hakuuona. Akauliza kama nimeuficha. Nikamwambia hakuna kiungo, ni mti ule wenyewe kuanzia juu mpaka chini. Mzee akachuma jani moja, akaliponda kati ya vidole, akalipeleka puani. Alifumba macho.

"Machungwa," akasema. "Tulikuwa tunachunga mbuzi chini yake. Baba alikuwa anatupiga ju tulivunja matawi yake."

Mwanawe mkubwa alikohoa. Mzee akafumbua macho.

"Ni ile ile. Sitasema bongo mbele ya Mungu. Mais baba yangu alitoa fasi moja. Itasimama kwa fasi yake, haitasogea hata mukono moja. Ikisogea, ni muti ya mupya."

Mama Masika alifurahi. Mimi nilijisikia maji ya baridi mgongoni, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kwenda kulitazama shina lililoanguka. Chini ya ganda la mizizi palikuwa na utando mweupe kama ngozi ya maziwa. Huo ni ukungu wa mizizi, na ndio uliouua mti. Unabaki kwenye kisiki na kwenye udongo, unangoja. Kumpanda mtoto mle ni kumlaza kitandani mwa mgonjwa.

Nilimpigia simu Mbuyi Beni. Barabara ilikuwa imefungwa tena, hakuweza kuja. Sauti yake ilikuwa inapotea na kurudi.

"Mutoe kisiki yote, Mère. Mizizi yote, hata ya kidole. Muchome. Shimo ilale wazi, jua iingie. Kisha udongo ingine, ya chini ya misonobari yenye iko na afya. Hapana ya shamba ya maharagwe."

Hilo nanyi mlijue: msonobari una ukungu unaoua na ukungu unaonyonyesha. Ule wa pili unaishi kwenye udongo chini ya misonobari mizima, na mche usioupata unabaki wa manjano, unadumaa.

Majirani walikuja na majembe. Tulichimba kisiki, tukafuata kila mzizi kama watu wanaotafuta pete, tukachoma kila kitu pembeni. Shimo lilibaki wazi msimu wote wa jua, kubwa kama chumba, na Mama Masika alikuwa analizungushia miiba ili mbuzi wa watu wasitumbukie. Ikabaki habari ya udongo mpya. Kilimani kote, misonobari mizima ilikuwa ya mtu mmoja tu, nyuma ya nyumba ya Tata Kasereka. Udongo wa kilima kingine ungekuwa mgeni kama ile mizizi ya kwanza.

Kwetu hakuna anayeomba udongo. Unaomba kulima, unaomba kupita, unaomba kuchota maji. Udongo wenyewe, utoke kwa mtu uende kwa mwingine, hilo ndilo neno kubwa kuliko mti. Nilienda mimi, kwa sababu Mama Masika alisema ulimi wake hautafika. Nilimweleza mzee habari ya ukungu wa aina mbili. Mwanawe mkubwa alisimama.

"Papa, hapana. Ukimupatia udongo, umemupatia yote."

Mzee hakumtazama mwanawe, wala mimi. Aliniambia niende nyumbani. Nilishuka kilima nikiwa na hakika kwamba tumeshindwa.

Kesho yake tulikuwa pale shimoni, Mama Masika na mimi na majirani wachache, mche umewekwa kivulini, hatujui la kufanya. Ndipo tulipomwona Tata Kasereka akishuka njia ya nyuma ya nyumba yake. Alikuwa amebeba kikapu begani, yeye mwenyewe, mtu ambaye kwa miaka mingi alibebewa hata kiti chake. Alikuwa anapumzika kila hatua chache. Hakuna aliyethubutu kwenda kumpokea. Alifika ukingoni, akainamisha kikapu, na udongo mweusi uliojaa majani ya sindano ukashuka shimoni.

"Mutu asiniulize tena hii udongo iko ya nani," akasema, akihema. "Kule bado kuko mwingi. Muende mubebe."

Kisha akaketi juu ya kikapu chake kitupu. Mama Masika alipiga magoti, akauingiza mche shimoni, akaanza kuuvuta udongo wa mzee kwa mikono yake miwili, na hakuna mtu aliyemkataza.